Unga Mtamu Niliouiba Kapseret

Dorika mwanangu,

Mama yako ameshakuambia yote ya blanketi, ya sabuni, ya kutolala dirisha likiwa wazi, na ya kuandika barua kila mwisho wa mwezi. Hapo mimi sina la kuongeza. Sanduku lako nimelitazama, limefungwa vizuri kuliko ambavyo ningelifunga mimi.

Nimekaa hapa mezani tangu saa nane, wewe na mama yako mmekwenda kuwaaga watu wa kanisa. Kesho unapanda gari la moshi kwenda Nairobi kusomea unesi. Kabla hujavaa nguo hiyo nyeupe kuna jambo ambalo nataka ulijue kwa mkono wangu mwenyewe. Umekua ukiamini kwamba nilifukuzwa kazi ya upishi kule Kapseret kwa sababu Bwana alikuwa Kaburu mwenye roho mbaya. Mwaka jana nilikusikia ukiwaambia rafiki zako hivyo pale nje, nami nilikuwa ndani ninavaa viatu. Nikaendelea kufunga kamba za viatu. Si kweli, Dorika. Nilifukuzwa kwa haki.

Ulikuwa na miaka minane, kwa hiyo ile nyumba ya Bwana unaikumbuka: mabati mekundu, miti ya miwati nyuma, na jiko lililojengwa mbali kidogo ili moshi usiwafikie. Ambacho hukukijua ni kwamba Bwana alikuwa na ugonjwa wa sukari. Kila asubuhi Memsahib, mkewe, alimdunga sindano. Kisha alichukua mkojo wake, akatia matone machache katika kichupa chembamba chenye dawa ya buluu, akakichemsha juu ya kitaa cha spiriti pale stoo. Dawa ikibaki buluu, siku ilikuwa njema. Ikigeuka kijani, Bwana alikosa matunda. Ikiwa nyekundu kama tofali, nyumba nzima ilitembea kwa vidole.

Daktari alikuwa amemkataza sukari, tena alitaka apungue unene. Bwana alikuwa mtu wa kula. Alikaa mezani akitazama watoto wake wakipaka jemu, na mimi niliyemwandalia nilisikia aibu kama vile kumnyima ni uamuzi wangu. Ndipo Memsahib akaagiza ule mkebe kutoka ng'ambo. Ndani kulikuwa na unga mweupe, laini kuliko sukari. Alinisomea jina lake mara moja, sobitoli, lakini jikoni tuliuita sukari ya mkebe. Akanieleza kwamba mwili unaupokea polepole, haupandishi sukari ya damu kama ile ya kawaida, wala haumnenepeshi mtu kwa haraka vile. Lakini una kipimo chake. Alinionyesha vidole sita.

"Vijiko hii tu kwa siku moja," akasema. "Bwana kula mingi, tumbo haribika."

Hayo maneno niliyasikia vizuri. Yashike, maana nitakuambia nilivyoyatupa.

Unga ule ulinisumbua mwezi mzima. Niliuonja kwanza. Utamu wake ni mpole, unazidi nusu ya sukari kidogo tu, halafu unaacha ubaridi kwenye ulimi. Keki ilitoka ovenini imeiva na bado nyeupe. Zile biskuti ngumu za kuchovya kwenye kahawa, ambazo Makaburu hawaamki bila hizo, zilinishinda kabisa, kwa sababu hamira haili unga ule. Donge lilikaa kutoka asubuhi hadi saa nane bila kuumuka, limelala kwenye beseni kama jiwe. Nikatupa madonge matatu. Mwishoni nikajifunza kuiacha hamira ifanye kazi na ngano peke yake, polepole, na utamu nikautia baadaye. Rangi nikaipata kwa kupaka yai juu. Jemu ya plamu nikaiweka katika chupa ndogo ndogo, kwa kuwa haikudumu kama ya sukari.

Siku nilipompelekea Bwana biskuti ya kwanza iliyofaa, aliila akiwa amesimama. Akavuta kiti, akakaa, akaomba nyingine.

Mwanangu, nilivimba kichwa. Memsahib wa mashamba ya jirani walikuja kuuliza jinsi ya kufanya. Walituma wapishi wao, watu wazima waliopika miaka mingi kuniliko, wakasimama jikoni kwangu wakitazama mikono yangu. Hata kule kwenye nyumba za wafanyakazi waliniita fundi wa sukari. Nikaanza kuamini kwamba ninajua ugonjwa, kumbe nilichojua ni kupika.

Mwaka huo huo nyanya yako alikuja kutoka Bunyore, yule ambaye jina lake ndilo lako. Ulifurahi sana, ulilala naye kitanda kimoja. Mimi nilimwona akishuka kwenye lori nikashtuka. Mama yangu alikuwa mwanamke mnene, mwenye mabega. Aliyeshuka alikuwa na gauni linalomning'inia. Alikunywa maji jagi zima bila kupumzika, akaomba lingine. Akawa anatoka nje mara nyingi, na asubuhi niliona sisimizi wamekusanyika pale alipojisaidia nyuma ya nyumba.

Siku ya tatu nilichukua mkojo wake katika chupa, nikaupeleka stoo wakati Memsahib amekwenda mjini. Nikawasha kile kitaa, nikatia matone kama nilivyomwona akifanya. Haikupita hata kijani. Iligeuka nyekundu papo hapo, nyekundu ya tofali.

Kwa hiyo sikukosa kwa kutojua. Nilijua, nikiwa nimesimama pale na kichupa mkononi. Mama yako aliniambia mara mbili tumpeleke hospitali mjini. Mji wenyewe, Sisibo, haukuwa mbali, hata kwa gari la maziwa mtu alifika mapema. Nikamjibu kwamba mimi ninaujua ugonjwa huu kumliko. Nyanya yako naye aliogopa hospitali, na hofu yake nikaitumia kama sababu. Lakini sababu yenyewe ilikuwa kwamba niliamini dawa ninayo. Ilikuwa kwenye rafu, hatua tano kutoka jikoni. Nilimwona Bwana akila unga ule na akiendelea kuishi. Ile sindano ya asubuhi niliiona pia, kila siku, lakini sikuihesabu kuwa kitu, kwa sababu haikupita mikononi mwangu.

Nikaanza kuchota, kidogo ndani ya karatasi, nikiificha kwenye kofia. Nyanya yako alipenda chai tamu, wewe unajua, na kwa vile utamu wa unga ule ni mdogo nilimtilia vijiko vitatu kila kikombe. Alikunywa vikombe sita kwa siku. Nilimwambia ni dawa ya wazungu, anywe bila wasiwasi. Alinishukuru. Aliwaambia wanawake wenzake kwamba mwanawe anamtibu.

Mkebe ukaanza kushuka. Hapa ndipo mahali ambapo ninaona haya hata sasa, na nimeinuka mezani mara mbili kabla ya kupaandika. Nilichukua sukari ya kawaida, nikaitwanga kwenye kinu mpaka ikawa laini kama ule unga, nikaijazia ndani ya mkebe wa Bwana. Nikachanganya kwa kijiko cha mti. Kwa macho hungetofautisha.

Baada ya siku chache kichupa cha Bwana kikaanza kutoka kijani, kisha njano, kisha chekundu. Memsahib akaongeza sindano, bado chekundu. Akafikiri mumewe anakula kwa siri. Alimpekua mifuko ya koti. Alikwenda akatafuta hata kwenye banda la trekta, akaniuliza mimi kama nimemwona Bwana na kitu chochote. Nikamwambia sijaona. Waligombana mezani kwa lugha yao, nami sikuelewa maneno, lakini nilimwelewa mtu anayeapa na asiaminiwe. Nilikuwa nimeshika birika la kahawa. Nilimmiminia nikarudi jikoni.

Wakati huo huo Bwana alikuwa na kidonda kwenye kidole cha mguu, kidogo tu, alichokipata kwa kiatu. Kikakataa kufunga.

Na nyumbani nyanya yako akaanza kuhara. Wewe uliambiwa kwamba alikula kitu kibaya. Hapana. Ni vile vijiko vyangu. Maneno ya Memsahib kuhusu tumbo niliyakumbuka, nikajiambia tumbo linasafisha ugonjwa. Nikamwongezea chai. Alikuwa anakauka mbele ya macho yangu, kwa ule unga na kwa sukari yake mwenyewe iliyokuwa imepanda bila kizuizi, nami niliendelea kumtengenezea kikombe, nikakoroga.

Ilikuwa asubuhi ya Jumatano. Mama yako alikuja mbio mpaka mlango wa jikoni, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alisema Mama haamki vizuri, anaita watu waliokufa, na pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza. Nikavua aproni. Gari la maziwa lilikuwa limeshaondoka. Gari pekee lililobaki lilikuwa la Memsahib, na ili nimwombe ilibidi nimwambie mama yangu ana nini, na nilijuaje.

Ningeweza kusema uongo mwingine, Dorika. Ulikuwa tayari mdomoni. Lakini mama yako alikuwa amesimama pale mlangoni akinitazama, na nikaona nikimdanganya Memsahib sasa, hata hospitalini sitaweza kusema kweli, na wataanza kumtibu kwa kubahatisha.

Memsahib alikuwa stoo. Nilimwambia yote nikiwa nimesimama wima: mama yangu, kichupa, unga, kinu.

"Wewe tia sukari kwa chakula ya Bwana?" akauliza.

"Ndiyo, Memsahib."

"Siku ngapi?"

"Wiki tatu."

Aliweka chini kile alichokishika. Hakupiga kelele. Alitoka akaenda kwenye gari, akaliwasha, akalileta mpaka kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilikaa nyuma na kichwa cha mama yangu mapajani mwangu njia yote mpaka mjini.

Hospitalini alitupokea dresa mmoja, msaidizi wa daktari, Mnandi mwenye miwani, mtu wa umri wangu. Aliniuliza amekula nini na amekunywa nini, nami nikamjibu bila kuficha. Alipokuwa amemaliza kumwekea maji na sindano alinitoa nje kwenye baraza. Nilitegemea anitukane. Aliongea nami taratibu, na maneno yake ninayakumbuka yote.

"Huo unga hauponyi kitu, ndugu yangu. Kazi yake ni kumpa utamu mtu ambaye tayari anatibiwa. Mama yako alikuwa hatibiwi. Na ulivyompa mwingi vile, umemkausha zaidi."

Nikamwuliza kama atapona. Akasema ugonjwa huu hauponi, lakini mtu anaweza kuishi nao akitunzwa, na kwamba nimechelewa lakini nimefika.

Jioni ile nilirudi Kapseret kwa miguu. Bwana alikuwa ananingoja kwenye veranda, mguu ameuweka juu ya kiti, umefungwa kitambaa. Alizaliwa nchi hii, alisema Kiswahili vizuri kuliko mkewe.

"Wizi ningekusamehe," akasema. "Wiki tatu mke wangu ananipekua mifuko, na wewe unanimiminia kahawa."

Akaniambia nitoke kesho yake na nisiombe barua ya sifa. Ndivyo tulivyoondoka na godoro na sufuria zetu, na wewe ukauliza kwa nini, nami nikasema Bwana ni mtu mbaya. Kanisani nikasema vile vile, watu wakanihurumia, wakatuletea mahindi na maharagwe. Tulikula huruma ile miezi mingi. Mama yako alijua ukweli. Aliniambia mara moja tu kwamba siku moja nitamwambia mtoto, na kwamba yeye hatanisaidia kumwambia wala hatanizuia.

Nyanya yako alitoka hospitali baada ya wiki tano. Yule dresa alinifundisha kudunga, kwanza kwenye chungwa, kisha kwake. Alinifundisha kuchemsha bomba la sindano, kupima ugali kwa kibakuli, kutazama miguu ya mgonjwa kila siku. Nilimdunga mama yangu kila asubuhi kwa miaka mitano, na mikono hii iliyomdhuru ikawa ndiyo anayoiamini. Nilimwambia nilichofanya. Alikuwa anamenya viazi. Akasema, "Ulitaka nipate chai tamu," akaendelea kumenya. Baadaye alizoea chai isiyo na kitu ndani, akawa anawacheka wanaotia sukari, kwamba hawajui ladha ya majani. Alipokufa ilikuwa homa ya mapafu. Ulikuwa kando yake, wewe ndiye uliyemfunga leso.

Kazi nyingine niliipata kwa yule Mhindi mwokaji mikate hapa mjini, ambapo hakuna aliyeniuliza barua, waliniuliza tu kama naweza kuumua unga. Hilo naliweza. Mwaka mmoja hivi ulipopita, mlango ukafunguliwa, akaingia Bwana. Alikuwa anachechemea. Kidole kilikuwa kimekatwa. Daktari hakuwahi kusema kama ni kwa sababu ya wiki zile tatu au kingekatwa tu. Sijui, na sitajua. Lakini sijawahi kutumia kutojua huko kama mto wa kulalia.

Akasema wapishi wawili wamepita na hakuna anayeweza zile biskuti. Akaniuliza kama nitarudi. Nilifuta mikono, nikamwomba msamaha kwanza, mbele ya Mhindi na wateja, kwa sababu siku ile ya veranda sikuwa nimeomba. Kisha nikamwambia kazi ninayo, sitarudi, lakini nitakwenda kumfundisha mpishi wake Jumapili mchana mpaka aweze, na mkebe akae nao Memsahib.

Bwana alitazama mikate kwenye rafu. "Njoo Jumapili," akasema.

Nilikwenda Jumapili nne. Ya nne, biskuti zilizoingia mezani hazikuguswa na mkono wangu hata moja, na Bwana alikula mbili. Kama alinisamehe hakusema, nami sikumwuliza. Nilirudi mjini nikitembea kama mtu mwenye afya.

Sasa wewe. Utaukuta unga ule huko uendako, au ndugu zake, maana naona wanatengeneza vingi. Ni kitu kizuri. Nimeona mtu mzima akirudishiwa raha ya meza yake kwa kijiko kimoja, na sitaki mtu akuambie ni ujinga kutaka utamu. Lakini atakuja mama kama nyanya yako, au mwanaume kama mimi, anayeamini kwamba kilicho kitamu na hakidhuru basi kinatibu. Usimcheke. Mweleze kinachofanya, na umweleze zaidi kile kisichofanya, kama yule dresa alivyonieleza pale barazani, bila kupandisha sauti. Niliyapokea maneno yake kwa sababu hakunidhalilisha.

Na utakosea. Sisemi labda. Utachoka, utasoma kibandiko vibaya, utampa huyu cha yule. Kosa la kwanza huwa dogo, linabebeka. Langu lilikuwa karatasi ya unga ndani ya kofia. Kilichokata kidole cha mtu, kama ndicho, ni kile kinu. Lakini juu yako sina wasiwasi mwingi. Ulipovunja taa ya mchungaji ukiwa darasa la nne, ulikwenda barabarani kumngoja ili asikie kwako kabla hajaona vipande. Tabia hiyo hukuitoa kwangu. Nilikuona ukiwa umesimama pale na vumbi miguuni, nikajua tumezaa mtu.

Nilikuwa nimekusudia kuiweka barua hii chini kabisa ya sanduku, chini ya shuka, uikute Nairobi. Nilishaitafutia nafasi. Halafu nikaona kwamba huko utaisoma ukiwa peke yako, huna wa kumwuliza, na mimi hapa ningekaa mbali na macho yako, salama. Kwa hiyo sitaifunga. Nasikia lango, mmerudi. Nitakupa mkononi sasa, kabla ya chakula, na nitakaa kwenye kiti kilicho mbele yako mpaka umalize kusoma.

Baba yako,
Zakayo